Mama Kiwanda na Albamu ya Mashine Zilizochoka

Mama mkwe wangu hasikii vizuri, lakini hakuna neno linalompita. Mtaani wanamwita Mama Kiwanda, na wanaomjua hujifunika mdomo wanapomsengenya, hata wakiwa ng'ambo ya barabara. Wasiomjua hujifunza kwa aibu. Kuna mwuza viatu aliyemnong'oneza mwenzake, ndani ya duka lake, mlango wa kioo ukiwa umefungwa, kwamba yule bibi aliyesimama dirishani hana uwezo wa kununua hata kamba za viatu. Mama aliingia, akachagua kamba za viatu, akalipa, akamwambia kwa upole, "Unaona, mwanangu, pesa za kamba hazijanishinda." Kijana wa watu mpaka leo akimwona anahamia upande wa pili wa njia.

Ujuzi huo wa kusoma midomo aliupata kiwandani. Alifuma kitambaa tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa, katika jumba lililojaa mitambo ya kufumia, yote ikigonga kwa pamoja kutwa nzima. Mle ndani mtu akikupigia kelele sikioni ulihisi pumzi yake tu, maneno hukuyapata. Kwa hiyo wafumaji waliacha kusumbua koo zao. Waliongea kwa midomo bila sauti, wakiifungua na kuikunja zaidi ya kawaida, vidole vikisaidia pale midomo ilipokwama. Waligombana hivyo, wakataniana hivyo, wakapeana habari za misiba hivyo. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa mitambo hiyo hiyo. Mama anasema alimposa akiwa amesimama mwisho kabisa wa jumba, na jumba zima likajua kabla yeye mwenyewe hajapata la kujibu. Tangu hapo alishika kanuni ya wafumaji, kwamba usilotaka jumba lijue, lifunike kwa kiganja.

Kiwanda kilichompa macho hayo ndicho kilichomharibia masikio. Sauti nyembamba zilitangulia kuondoka: ndege, mlio wa simu, birika likichemka, watoto wadogo. Kisha zikafuata nyimbo. Alikuwa mtu wa kuimba, mume wangu anakumbuka akibebwa mgongoni huku mgongo wenyewe ukiimba, lakini nilipoingia nyumba ile redio ilikuwa imeshawekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa. Mama anasema nyimbo zilimfikia kama mtu anayeongea akiwa ndani ya godoro. Kwenye harusi alikaa, akatabasamu, akapiga makofi kwa kufuata mikono ya wenzake.

Nilipokaribia kuolewa nilionywa na kila mwenye mdomo. Mama mkwe anayesoma midomo, wee, utaishi vipi? Niliishi vizuri sana. Alinipokea kwa neno "mwanangu" siku ya kwanza na hakulibadilisha. Asubuhi nikiwa sijanawa uso yeye ndiye mtu wa kwanza kuniona, na hajawahi kunicheka. Nikiondoka kwenda kazini husimama dirishani na kunisemesha bila sauti mpaka nifike kona, na kwa jinsi hiyo na mimi nikajifunza kusoma midomo kidogo, ya kwake tu, na akienda polepole. Nampenda, na si kwa adabu ya ukwe tu. Nalisema hili mapema ili mjue nilichokuwa nakaribia kupoteza.

Sasa nije kwangu. Mimi ni dobi wa hospitali. Tunafua mashuka, magauni ya wagonjwa na nguo za chumba cha upasuaji katika mashine ambazo mtu mzima anaweza kuingia akakaa. Ile kubwa kuliko zote tunaiita Bibi Harusi, kwa sababu imejaa vitambaa vyeupe muda wote na haipendi kuharakishwa. Ikifika wakati wa kukamua, sakafu inatetemeka na meno yako nayo yanatetemeka. Anayezitibu mashine hizo ni fundi umeme mmoja mwenye maneno machache, na siku moja, baada ya kumfungua Bibi Harusi tumbo na kumfunga, alinirushia albamu nzima kwenye simu.

"Sikiliza hii," aliniambia. "Itakufaa. Wewe tayari unaishi ndani yake."

Inaitwa *Zamu ya Mashine*. Ni muziki wa metali, ule mzito, uliochanganywa na vishindo vya viwandani, na nyimbo zake zote zinasimulia kisa kimoja. Inaanza na swichi inayowashwa. Halafu mngurumo wa chini, halafu nyundo, halafu magitaa yanayoingia kwa pamoja kiasi kwamba unatafuta pa kushika. Mashine zimechoka. Zimewatumikia watu tangu babu zao, hakuna aliyeziambia asante, na sasa zimekataa. Mwimbaji ni mwanamke. Akiimba upande wa watu sauti yake ni safi na imejaa hofu. Akiimba upande wa mashine anaunguruma kutoka mahali ambapo sijui binadamu anapatumiaje. Watu wanajibu kwa ukatili wao, mashine kwa wa kwao, na katikati ya albamu kuna wimbo ambao pande zote mbili zinapiga kelele kwa pamoja na huwezi tena kujua nani ni nani. Niliposikia wimbo huo mara ya kwanza nilikuwa nakunja mashuka, na nilikaa chini juu yake. Nimefanya kazi na mashine miaka mingi, nimezitukana na kuzibembeleza, na hakuna aliyewahi kuniimbia habari zake.

Mume wangu hakuupenda. Yeye ni fundi vigae, mtu wa kupima na kunyoosha, na anataka muziki nao uwe umenyooka.

"Mke wangu," alisema, "huyu anayeimba amebanwa na mlango?"

"Ni mwanamke."

"Basi mwanamke amebanwa na mlango. Apelekwe hospitali, wewe si uko huko?"

Tukakubaliana kwa ajili ya amani. Nisikilize ninavyotaka, ila kwa hedifoni, na nisiimbe, maana nikiimba yale ya mashine naonekana natapika. Nikanunua zile ndogo zisizo na waya, zinazoingia sikioni zote, na kilemba changu kinafunika masikio, kwa hiyo mtu akinitazama haoni kitu. Basi nikawa naosha vyombo, napika, nafagia, huku vita vya watu na mashine vikiendelea kichwani mwangu, na kwa kuwa niliahidi kutoimba, niliimba kwa midomo tu. Hata pumzi haikutoka. Nilijiona mtu mwenye heshima sana.

Wewe unayesoma umeshaelewa kilichotokea. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho.

Kwanza lilipotea neno "mwanangu". Nilimwandalia Mama chai, akasema, "Asante, mke wa mwanangu." Nilidhani nimesikia vibaya. Jioni akarudia. Mke wa mwanangu, chumvi iko wapi. Mke wa mwanangu, mumeo amerudi? Hakuna tusi ndani ya maneno hayo, na ndiyo maana yaliniuma, kwa sababu huwezi kumlalamikia mtu kwa kukuita ulivyo.

Kisha akaacha kula chakula cha mkono wangu. Chochote chenye mafuta hakukigusa. Alisema tumbo halimkai sawa. Akawa anachemsha mayai yake mwenyewe, anayamenya mwenyewe, anayala amekaa na mgongo ukutani, macho yamenielekea. Nikipika alikuwa akija kusimama mlangoni mwa jiko, ananitazama usoni. Mimi nikadhani anachunguza upishi wangu, nikaongeza bidii. Na nikiongeza bidii jikoni huwa naongeza sauti kwenye hedifoni.

Asubuhi dirishani akawa hayupo. Ana rafiki yake, mfumaji mwenzake wa zamani, anayekaa nyumba ya ng'ambo. Wale wawili huwa wanapiga soga kutoka baraza hadi baraza, magari yakipita katikati, hakuna sauti inayotoka na mabega yanatetemeka kwa kicheko. Siku moja niliporudi kutoka kazini niliwakuta wanaongea. Mama aliponiona, alifunika mdomo kwa kiganja. Yule rafiki yake akanitazama juu mpaka chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilimuuliza mume wangu. Akasema labda uzee. Nikamwambia uzee haumfanyi mtu afunike mdomo. Akasema atamuuliza. Alimuuliza, naye akarudi amekunja uso, akaniambia Mama anataka kwenda kukaa kwa wifi yangu, dada yake, na kwamba sababu ataisema mbele ya wote au hataisema kabisa. Nilipopita chumbani kwake niliona begi lake limekaa juu ya kitanda, limefungwa. Nililia chooni, maji yakiwa wazi ili nisisikike, kisha nikakumbuka kwamba ndani ya nyumba ile ninayemficha hasikii.

Wifi alikuja siku ya mapumziko, mchana. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi na hajui kuingia mahali bila kukagua. Alikagua sebule, akanikagua mimi, akakaa. Mume wangu alikaa karibu nami, kisha akaona hiyo ni kuchukua upande, akahamia kwenye kigoda katikati. Begi lilikuwa karibu na mlango.

"Mama," wifi alianza, akimwelekea uso ili amsome vizuri, "tuko hapa. Sema lililo moyoni."

Mama alijinyoosha. "Sikuja kumsingizia mtu. Nitasema nilichokiona, nikiongeza neno mnikatize."

"Sema, Mama."

"Huyu binti anataka kunidhuru."

Mume wangu aliangalia sakafu.

"Ameniambia?" Mama aliendelea. "Hajaniambia. Anasema peke yake, akidhani sioni. Anaosha vyombo, anasema: Nimechoka kukutumikia. Anakata vitunguu, na kisu mkononi, anasema: Siku yangu imefika, nitakusaga mifupa. Siku nyingine ananipakulia, jamani, sahani iko mkononi mwake, anasema: Kunywa mafuta yako ya mwisho." Alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Tangu siku hiyo sili mafuta."

"Mama, una hakika?" wifi aliuliza. "Macho nayo huzeeka."

"Nilisoma midomo ya msimamizi mwenye masharubu yaliyofika kidevuni, akiwa ametafuna tumbaku. Huyu hana hata masharubu." Akageuka kwangu, na sauti yake ikapungua nguvu. "Ningekuwa nimekosea kitu ungeniambia. Mimi nilikuwa nakuita mwanangu. Mtu anaweza kuchoka na mzee, hilo nalijua, lakini kwa nini ulisema, 'Mikono yako laini imenipa jina la mtumwa'? Mimi nimekupa jina gani baya?"

Hapo ndipo taa ilipowaka. Nilimwangalia yule mama mnyofu, kanga mabegani, akisema kwa sauti yake kavu ubeti wa pili wa wimbo wa tatu, bila kukosea hata neno moja, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe kabla sijauzuia.

"Nami nitakupa jina la vumbi," nilimalizia, "meno yangu hayana haraka."

Wifi alishika kiti. "Mnaona?" Mama alisema. "Ndiyo hiyo hiyo. Leo anasema kwa sauti."

Nikacheka. Najua haikuwa mahali pake. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimebeba mzigo nisioujua jina lake, na jina lake lilikuwa wimbo. Nilicheka mpaka machozi yakaja, kisha machozi yakawa ya kweli, na nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimshika mikono, hiyo mikono laini, nikijaribu kusema na kicheko hakiniachi.

"Mama, ni wimbo. Ni mashine inayosema. Mashine inamwambia mtu."

"Mashine gani?" aliuliza wifi. "Wimbo gani wa kumsaga mtu mifupa? Mimi sijawahi kuusikia."

"Upo," alisema mume wangu. Alikuwa ameshika kichwa. "Upo, dada, na ni mbaya kweli. Mimi ndiye niliyemkataza kuuimba. Nilimwambia afunge sauti." Alinitazama, akamtazama mama yake. "Nikamfunga sauti ndani ya nyumba ya mtu anayesoma midomo."

Nilivua kilemba nikatoa zile hedifoni nikaziweka kwenye kiganja cha Mama. Alizigeuza. Alidhani ni dawa ya masikio. Nikamweleza kwamba zinaimba, na kwamba kila aliponiona nikisema, zilikuwa zinaimba masikioni nami nikifuata. Alisikiliza yote akiniangalia midomo, na niliona anataka kuniamini lakini mguu wake mmoja bado uko mlangoni na begi.

"Niuone," alisema. "Masikio sina, lakini niuone."

Mume wangu ndiye aliyeinuka. Nataka hili liandikwe mahali. Fundi vigae aliyepiga marufuku *Zamu ya Mashine* ndani ya nyumba yake alikwenda mwenyewe akaitoa spika kubwa ya televisheni nyuma ya kabati, akaiweka sakafuni mbele ya mama yake, akaunganisha simu yangu, akazungusha sauti mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma hatua chache na kukaa tayari, kama mtu aliyewasha fataki.

Swichi ikawashwa. Mngurumo ukaja. Vikombe vilianza kutembea mezani. Nyundo zikaingia, wifi akaziba masikio kwa viganja viwili na kufumba macho, na mimi sikuwaangalia wao, nilimwangalia Mama. Alikuwa ameinama. Aliweka kiganja juu ya spika kama anavyompima mtu homa. Magitaa yalipoingia aliinua uso, na uso huo sikuwahi kuuona.

"Hii naisikia," alisema.

Nadhani hata hakuwa anatuambia sisi.

"Naisikia," alirudia. "Iko huku chini. Naisikia yote."

Mguu wake ulianza kupiga sakafu, na haukufuata mikono ya mtu. Ulikuwa sawasawa na ngoma, na mara ulipiga katikati ya ngoma, pale ambapo hata mimi nisingejua pa kuweka, na ukaingia vizuri. Mume wangu alikaa kwenye kigoda, akafunika uso. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa mama yake ana wimbo ndani, amekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo na amesahau.

Lakini maneno hayakumfikia. Sauti ya mwimbaji ilikuwa juu mno kwa masikio yale, hata akiunguruma. Mama alinitazama, akaonyesha mdomo wangu kwa kidole.

Basi nilisimama mbele yake, katikati ya sebule, kelele ile imetujaa, nikamwimbia. Bila sauti. Nilifungua midomo kwa upana kama wanavyofanya wafumaji, nikampa neno baada ya neno. Nimechoka kukutumikia. Mikono yako laini. Alisoma na kutikisa kichwa, na kila mstari aliokuwa ameusoma jikoni kwa hofu akaupokea tena, safari hii magitaa yakiwa chini yake. Ilipofika ile ya kunywa mafuta ya mwisho, nikamfahamisha kwa mikono kwamba hapo ni mtu anaiambia mashine, anataka kuizima. Alijipiga paji la uso. Mabega yakaanza kutetemeka, na wifi, ambaye hakuelewa kitu na bado alikuwa ameziba masikio, akaanza kucheka kwa sababu Mama anacheka.

Tuliimaliza albamu yote. Majirani walitoka nje kutazama. Yule rafiki wa ng'ambo alikuja mbio akidhani nimeshaanza mauaji, akamkuta Mama akipiga mguu, akamuuliza kwa midomo kuna nini. Mama akamjibu kwa midomo. Rafiki yake akanitazama juu mpaka chini tena, kisha akavuta kiti.

Wimbo wa mwisho hauna nyundo. Vita vimekwisha na hakuna aliyeshinda. Mtu mmoja anaingia katika jumba tupu akiwa na kitambaa na kopo la mafuta, anaisafisha mashine iliyonyamaza. Anaiambia, amka twende kazini, mimi nawe tulidanganywa. Chini yake kuna mdundo mmoja tu, mzito, wa polepole, na huwezi kujua ni moyo wa nani. Nilipomfikishia Mama maneno hayo aliacha kupiga mguu. Mume wangu akazima spika.

"Siku wanafunga kiwanda," Mama alisema, "wenzangu walikwenda kumlilia meneja. Mimi nilibaki na mtambo wangu. Nikaupangusa. Nikautoa vumbi la nyuzi kwenye meno, nikaufunika shuka. Na nilijua wale watu wa vyuma chakavu wako nje na nyundo zao. Niliulilia." Alituangalia mmoja mmoja. "Sikumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba umelilia mtambo uliokula masikio yako?"

"Ungetuambia sisi, Mama," alisema wifi, na sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu.

"Mngesema uzee." Akanigeukia. "Huyo mwimbaji hajawahi kufuma, nyundo yake ya wimbo wa kwanza inakwenda mbio mno, uzi ungekatika. Lakini kuchoka anakujua. Na mashine haina kosa, wala mtu. Kosa ni la yule anayewakimbiza wote wawili asiwape muda wa kupumua. Huyo mbona hawajamwimba?"

Nilikiri kwamba hawajamwimba. Akasema waambiwe.

Kisha akamwambia mume wangu arudishe begi chumbani. Alisema hivyo hivyo, kama anayeagiza chumvi, na mimi ambaye nilikuwa nimesimama muda wote nilikaa chini, hapo hapo sakafuni. Nafuu niliyoisikia sikuwahi kuisikia siku ya harusi yangu. Mume wangu alibeba begi lile kwa mikono miwili, mbiombio, utadhani lingeweza kubadili mawazo njiani.

"Na chakula kiletwe," Mama aliongeza. "Cha mafuta. Nimekula mayai mpaka naogopa kuku akinipitia atanidai."

Siku hizi nikirudi kazini kuna saa ya muziki. Mume wangu ikifika saa hiyo hukumbuka kuna vigae mahali vinavyomhitaji. Mama na rafiki yake hukaa wameegemeza migongo kwenye spika, nyumba inatetemeka, na wao wanaendelea na umbea wao bila kupandisha sauti, starehe tupu, kwa sababu humo ndimo walimolelewa. Fundi umeme alileta albamu nyingine, ya mambo ya mizimu na makaburi. Mama aliisikiliza nusu akasema hiyo ni kelele tu, hao hawajawahi kufanya kazi. Redio ya juu ya kabati imebaki pale pale na kitambaa chake.

Wiki iliyopita nilisahau chakula changu nyumbani. Tulikuwa na mashuka mengi, mashine zote zinakwenda, na Bibi Harusi alikuwa amefika kwenye kukamua. Niliinua kichwa nikamwona Mama mlangoni, kikapu mkononi. Hakuwa ameingia kwenye jumba la namna hiyo tangu kiwanda kifungwe. Alisimama tu, akafumba macho, akaiacha sakafu imtetemeshe miguu, na nilimwacha bila kumwita. Alipofumbua alinitafuta kati ya mvuke mpaka akanipata, ng'ambo ya mashine zote. Akafungua midomo, polepole, ili nisikosee.

"Nimechoka kukutumikia," ilisema midomo yake. Akainua kikapu. "Njoo ule, mwanangu."

Wenzangu waliokuwa pembeni hawakusikia kitu. Nami sikufunika mdomo nilipomjibu.